Mhojiwa wa 3 Ana Jina: Urejeleaji Ndani ya Aya na Haki ya Fanani

1.0 Utangulizi

Kutoka Shieywe, uliposimama mji wa Kakamega, hadi Khayega ni safari fupi ya matatu katika barabara ya Kisumu. Mwanafunzi wa fasihi simulizi aliyepewa kazi ya utafiti huifunga safari hiyo akiwa na daftari na simu ya kurekodia. Humkuta ajuza aliyekubali kumsimulia, akaketi naye alasiri nzima, akanywa chai yake, kisha akarudi mjini na ngano tano au sita. Miezi michache baadaye tasnifu huwasilishwa idarani. Ndani yake Wamitila yumo, Mulokozi yumo, Finnegan na Okpewho wamo, kila mmoja na mwaka wake katika mabano. Ajuza hayumo. Ngano zake zimo, tena ndizo zilizoibeba sura ya nne yote; yeye mwenyewe amegeuzwa kuwa "mhojiwa wa 3".

Makala haya yanadai kwamba jambo hilo si upungufu mdogo wa uandishi, wa kusahihishwa kwa kalamu nyekundu pambizoni. Ni dhuluma, na kwa kipimo cha taaluma yenyewe, ni wizi unaotunukiwa shahada. Aidha, yanadai kuwa mkosa wa kwanza si mwanafunzi. Mwanafunzi hufuata alichofundishwa, na alichofundishwa ni kwamba kitabu kina mwenyewe ilhali kinywa hakina. Wanaopaswa kuyajibu mashtaka haya ni mhadhiri anayemfundisha, msimamizi anayemwongoza na mtahini anayempasisha.

2.0 Kazi ya Rejeo Ndani ya Aya

Urejeleaji hufundishwa katika madarasa mengi kama somo la vituo vya uandishi. Mwanafunzi huambiwa mahali pa jina, mahali pa mkato, mahali pa mwaka na mahali pa ukurasa. Ni nadra aambiwe sababu. Matokeo yake ni kwamba huyaona mabano kama ushuru: kitu cha kulipwa langoni ili gari lipite. Huandika aya nzima, kisha akalipa ushuru wake mara moja mwishoni, na msomaji asijue kama mabano yale yanaihusu sentensi ya mwisho pekee, au aya yote, au neno moja tu lililomo katikati.

Ilhali rejeo lililomo ndani ya aya lina kazi moja kuu, nayo ni kulijibu swali: nani kasema? Aya ya utafiti ni baraza. Huzungumza humo mtafiti, huzungumza wataalamu waliomtangulia, na katika utafiti wa fasihi simulizi huzungumza pia wasanii wenyewe. Orodha ya marejeleo iliyo mwishoni mwa kazi haitoshi, kwa maana orodha hutaja waliohudhuria baraza tu; haisemi ni nani aliyetoa kauli ipi. Rejeo la ndani ya aya pekee ndilo liwezalo kusema kuwa hapa amekoma mtaalamu, hapa ameanza msimulizi, na hapa anayetoa hukumu ni mwandishi mwenyewe.

Kutokana na kazi hiyo huzuka kanuni ambayo kila msomaji wa kazi za kitaaluma huifuata: sentensi isiyo na rejeo ni mali ya mwandishi, au ni jambo linalojulikana na watu wote. Hakuna mlango wa tatu. Kwa hiyo, mwanafunzi anapoiandika kauli ya ajuza wa Khayega bila rejeo, amekwisha kuidai kuwa yake. Huenda hakukusudia. Lakini anayenakili ukurasa wa kitabu bila rejeo haulizwi kama alikusudia. Huitwa mbele ya jopo, na kazi yake huenda ikatupiliwa mbali. Swali linalozuka ni je, kwa nini kosa lile lile liwe wizi linapofanyiwa kitabu, na liwe "utafiti wa nyanjani" linapofanyiwa binadamu?

Sehemu ya jibu imo katika asili ya mtindo wenyewe. Mtindo wa kutaja jina na mwaka katika mabano hunasibishwa na Edward Laurens Mark, mwanazoolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, katika makala aliyoyachapisha 1881 kuhusu ukuaji wa mayai ya koa, yaani konokono asiye na kombe. Mtindo huo uliwafaa wanasayansi wa viumbe kwa sababu waliohitaji kutajwa walikuwa wataalamu peke yao. Koa hasemi. Katika fasihi simulizi, hata hivyo, kinachochunguzwa husema, tena husema kwa ufundi mkubwa kuliko anayekichunguza. Kuuchukua mtindo huo jinsi ulivyo na kuuleta katika ngano bila kuupanua ni kumweka msimulizi mahali pa koa.

3.0 Aya Moja na Hesabu Yake

Ichukuliwe aya ifuatayo. Imetungwa hapa kwa ajili ya mfano, wala si taarifa ya utafiti wowote. Majina ya wataalamu yameachwa kwa kuwa kosa si lao. Hata hivyo, yeyote aliyewahi kusahihisha tasnifu za fasihi simulizi ataitambua sura yake:

"Ngano ni masimulizi ya kimapokeo yenye wahusika wanyama, binadamu au mazimwi (Mtaalamu A, 2003). Mtaalamu B (1989) anaongeza kwamba ngano hutambwa mbele ya hadhira. Katika jamii hii, zimwi haliwezi kumla mtoto anayeimba jina la ukoo wake. Hii inaonyesha kuwa jamii huuthamini ukoo. Wazee wanasema kwamba ngano hii ilitambwa jioni wakati chakula kikiwa jikoni ili watoto wasisinzie (Mhojiwa wa 3)."

Sentensi ya kwanza na ya pili zina wenyewe, na wenyewe wametajwa kwa heshima. Lakini kilichomo ndani yake kinajulikana na kila mwanafunzi aliyemaliza mwaka wa kwanza. Rejeo limewekwa mahali ambapo halihitajiki sana. Sentensi ya tatu ndiyo kito cha aya nzima. Ndiyo habari mpya pekee, na ndiyo iliyomlazimu mwanafunzi apande matatu. Sentensi hiyo haina mwenyewe. Imeandikwa "katika jamii hii", kana kwamba jamii yote ilikusanyika ikapiga kura. Hali halisi ni kwamba aliyeisema ni mtu mmoja, siku moja, katika usimulizi mmoja. Msimulizi mwingine wa Shinyalu au Malinya huenda akalifanya zimwi limle mtoto huyo kabla hajaufikisha wimbo katikati. Kwa kumfuta msimulizi, mwanafunzi hakumdhulumu yeye tu. Ameidhulumu pia elimu, maana ameligeuza toleo moja kuwa sheria ya kabila.

Sentensi ya nne ni maoni, lakini hayajulikani ni ya nani. Kama ajuza ndiye aliyefafanua kwamba wimbo wa mtoto ni fumbo la ukoo, basi ajuza amefanya uhakiki, na uhakiki wake umeporwa. Sentensi ya tano inadai kuwa "wazee wanasema", ilhali katika mabano kuna mhojiwa mmoja. Wingi umetoka wapi? Na mabano yenyewe, je, yanafungua mlango gani? Msomaji anayetaka kumfuata Mtaalamu A ataingia maktabani. Msomaji anayetaka kumfuata mhojiwa wa 3 atagonga ukuta.

Aya hiyo hiyo ingeweza kuandikwa hivi:

"Katika ngano aliyoisimulia Bi. Fulani, mkulima wa Khayega, tarehe fulani, zimwi linamwacha mtoto anayeimba jina la ukoo wake. Bi. Fulani mwenyewe anaufasiri wimbo huo kuwa ni hati ya mtoto: asiyejua ukoo wake hana wa kumtetea. Tasnifu hii inakubaliana na ufasiri huo, ila inaongeza kwamba wimbo unawapa pia hadhira nafasi ya kuingia katika ngano, jambo ambalo Mtaalamu B (1989) analihesabu kuwa sifa ya utendaji."

Aya haikurefuka kwa kiasi cha kumchosha mtu. Lakini sasa sauti tatu zinasikika kila moja mahali pake. Msimulizi ana jina, kauli na ufasiri. Mtaalamu ametajwa pale ambapo anasaidia hoja. Mwanafunzi naye, ambaye katika aya ya kwanza hakuwa na neno lake hata moja, amepata pa kusimama. Kumtaja fanani hakumpunguzii mwanafunzi chochote. Kunamlazimisha aseme alicho nacho yeye.

4.0 Kosa Lenye Historia

Kosa hili halikuanza na wanafunzi wa leo, na ni vyema lifuatwe hadi lilikotoka. Askofu Edward Steere alipochapisha mkusanyo wake wa hadithi za Kiswahili kutoka Unguja mwaka 1870, aliwataja katika dibaji baadhi ya watu waliomsimulia. Lakini jina lililobaki katika matumizi ya kitaaluma ni la Steere. Dibaji ilifanya kazi ile ile inayofanywa leo na kiambatisho: humpa msimulizi shukrani, kisha ikamwacha nje ya mjadala.

Kisa kilicho wazi zaidi ni cha Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Kitabu *Desturi za Wasuaheli* kilitoka Göttingen mwaka 1903 kikiwa na jina la Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili mjini Berlin. Mtoro, ambaye naye alifundisha Kiswahili huko huko Berlin, ndiye aliyekuwa mwandishi mkuu wa habari zilizomo. Kwa miaka mingi wasomi waliokitumia kitabu hicho waliandika "Velten (1903)" ndani ya aya zao, na kila walipoandika hivyo walimzika Mtoro mara moja zaidi. Ilipofika 1981 ndipo tafsiri ya Kiingereza iliyotayarishwa na J. W. T. Allen ilipolitoa jina la Mtoro bin Mwinyi Bakari hadharani, katika anwani ya kitabu. Mtoro alikuwa amefariki 1927. Haki yake ilichelewa miaka 78 tangu kitabu kitoke, na kilichoichelewesha hakikuwa ukosefu wa habari. Kilikuwa mazoea ya mabano.

Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yanatoa funzo la aina nyingine. Muyaka alifariki yapata 1840. Tungo zake zilihifadhiwa vifuani mwa watu wa Mombasa, zikakusanywa kwa juhudi za Mwalimu Sikujua bin Abdallah, zikapitia kwa mmishonari W. E. Taylor, na baadaye William Hichens akazichapisha Johannesburg mwaka 1940. Mohamed H. Abdulaziz alizitafiti na kuzichapisha upya katika kitabu chake cha 1979. Mwanafunzi anayeandika "Hichens (1940)" baada ya ubeti wa Muyaka hajasema uongo, lakini ametaja kiungo kimoja cha mnyororo na kuvificha vingine. Bila Mwalimu Sikujua hapangekuwa na Taylor wa kutajwa, wala Hichens, wala diwani. Mgala muueni na haki mpeni. Sembuse mtu aliyeiokoa fasihi ya mji mzima isisahaulike!

Wala haiwezi kusemwa kuwa magharibi mwa Kenya hapakuwa na mfano mwema wa kufuatwa. Gideon S. Were, alipokuwa akiandika historia ya Abaluyia iliyotoka 1967, alikusanya ushahidi wake kwa wazee wa koo mbalimbali. Mwaka huo huo alichapisha kitabu cha pili, ambacho ndani yake masimulizi hayo yaliwekwa yenyewe ili msomaji ayaone chanzo kwa chanzo. Yaani mwanahistoria alikwisha kukiri, zaidi ya nusu karne iliyopita, kwamba kauli ya mzee wa kijiji ni hati inayostahili kusomwa na kuhojiwa kama hati ya serikali. Inashangaza kwamba mwanahistoria amtambue mzee kuwa shahidi, naye mhakiki wa fasihi, ambaye kazi yake ni sanaa, ashindwe kumtambua kuwa msanii.

5.0 Je, Urejeleaji ni Jambo la Kigeni?

Wapo watakaosema kwamba mjadala huu ni wa mitindo ya Kizungu, na kwamba Mwafrika hakuwa na haja ya kutaja nani kasema kwa sababu maneno yalikuwa ya wote. Hoja hiyo huvutia masikio, lakini haina mizizi katika fasihi ya Kiswahili.

Wanazuoni wa pwani ya Afrika Mashariki walijua isnadi karne nyingi kabla ya makala ya koa. Hadithi ya Mtume haikupokewa kwa uzuri wa maneno yake tu. Iliulizwa kwanza ni nani aliyeipokea kutoka kwa nani, na kama kiungo kimoja hakijulikani, hadithi yenyewe ilidhoofika. Hapo ndipo penye tofauti kubwa baina ya isnadi na mhojiwa wa 3. Isnadi ilitaka jina kwa sababu jina ndilo lililowezesha kauli kupimwa: mtu huyu alikuwa nani, aliishi wapi, aliaminika kiasi gani. Mpokezi asiyejulikana alikuwa kasoro ya kutangazwa. Katika tasnifu za leo msimulizi asiyejulikana amekuwa kanuni.

Watunzi wa tendi nao hawakuacha jambo hili libahatishwe. Ilikuwa desturi yao kuweka katika beti za mwisho jina la mtunzi, na mara nyingi idadi ya beti na tarehe ya utungo. Mwana Kupona binti Mshamu, aliyemtungia binti yake utendi wa mawaidha mwaka 1858, alijua kwamba utungo usio na jina huokotwa na mpita njia. Kwa hiyo mwanafunzi anayedai jina la msimulizi katika aya hamwigi mtu wa Harvard. Anarudi nyumbani.

6.0 Pingamizi na Majibu

Pingamizi la kwanza hutoka kwa kamati za maadili ya utafiti. Hudaiwa kwamba mhojiwa hulindwa kwa kufichwa jina, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 hutajwa kama ngao. Pingamizi hili lina uzito na halifai kupuuzwa. Mtu anayesimulia ugonjwa wake, ugomvi wa ardhi au siri ya ndoa anastahili kufichwa. Lakini kanuni hiyo ilitungwa kwa ajili ya anayetoa habari zinazomhusu mwenyewe na zinazoweza kumdhuru. Haikutungwa kwa ajili ya msanii anayetoa sanaa. Hakuna anayemficha mwandishi wa riwaya ili kumlinda. Tena sheria hiyo haikatazi jina la mtu kutumiwa kwa ridhaa yake. Linalotakiwa ni swali moja katika fomu ya ridhaa, ambalo kwa kawaida halimo: "Je, ungependa utajwe kwa jina lako?" Anayekataa afichwe, na tasnifu iseme wazi kwamba amefichwa kwa hiari yake. Anayekubali atajwe. Kumficha mtu ambaye hakuulizwa si kumlinda, ni kumwamulia.

Pingamizi la pili ni la kinadharia: ngano ni mali ya jamii, haina mtunzi mmoja, basi itajwe jamii. Wanaotoa hoja hii huwafundisha wanafunzi wao, asubuhi ya siku hiyo hiyo, makala ya Mulokozi (1989) kuhusu tanzu za fasihi simulizi, ambamo fanani, hadhira, tukio, mahali na wakati huhesabiwa miongoni mwa mambo yanayoiunda fasihi hiyo. Haiwezekani asubuhi fasihi simulizi iwe haipo bila fanani, na alasiri fanani aondolewe katika aya bila kitu kuharibika. Kisa ni cha jamii; usimulizi ni wa msimulizi. Vyote viwili vina haki, na hakuna kinachozuia vyote viwili kutajwa. Mwaka 2014 ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho iliingizwa na UNESCO katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Jamii zimetajwa, na ni haki yao. Lakini isukuti haipigwi na jamii. Hupigwa na mikono ya mtu. Mtafiti anayerekodi onyesho la arusi au la mazishi, akaandika "Waisukha huimba hivi", amesikia ngoma asimwone mpigaji.

Isitoshe, sheria za Kenya zimekwisha kupiga hatua ambayo idara za fasihi hazijaipiga. Kifungu cha 11 cha Katiba ya 2010 kinautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa na kulitaka Bunge litunge sheria ya kuhakikisha jamii zinanufaika na matumizi ya utamaduni wao. Sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni ilifuata, nayo inawatambulia wenye sanaa hizo haki za kimaadili, ikiwamo ya kutajwa. Ni aibu kwa mhakiki wa fasihi kumheshimu msanii kwa kiasi kidogo kuliko wakili.

Pingamizi la tatu ni la miongozo. Husemwa kwamba mwongozo wa APA huyahesabu mazungumzo ya ana kwa ana kuwa mawasiliano ya kibinafsi, hivyo hayana nafasi katika orodha ya marejeleo. Kwanza, hata mawasiliano ya kibinafsi katika APA hutajwa ndani ya aya kwa jina na tarehe. Mwongozo haujawahi kumwamuru mtu aandike nambari mahali pa jina la msanii aliyeridhia kutajwa. Pili, toleo la 7 la mwongozo huo, la mwaka 2020, limeweka utaratibu wa kuyataja maarifa ya wazee wa jamii za wenyeji kwa jina, jamii na mahali. Tatu, mwongozo wa MLA kwa muda mrefu umeruhusu mahojiano yaingizwe katika orodha chini ya jina la aliyehojiwa. Nne, na hili ndilo kubwa, mwongozo ni mtumishi. Idara ya fasihi inayosubiri wanasaikolojia wa Marekani waiambie namna ya kumtaja msimulizi wa Khayega imekwisha kukabidhi funguo za nyumba yake.

Kuna jambo la nne ambalo si pingamizi bali ni onyo. Tangu mwishoni mwa 2022 programu za akili mnemba zinazoandika insha zimewafikia wanafunzi, na imedhihirika kwamba programu hizo huweza kubuni vitabu na makala yasiyokuwapo, pamoja na miaka yake. Kitabu cha kubuni hugunduliwa kwa kukitafuta. Mhojiwa wa kubuni atagunduliwaje? Hakuna chanzo kilicho rahisi kughushi kuliko "mhojiwa wa 3, mwanamke, miaka 70". Msimamizi hawezi kumpigia simu, hawezi kumtembelea, hawezi kusikia sauti yake. Idara iliyojivunia kumficha msimulizi imejenga, bila kujua, maficho ya mwanafunzi ambaye hakutoka Shieywe hata siku moja. Jina, kijiji, tarehe na kinasa sauti kilichohifadhiwa idarani ni heshima kwa fanani. Ni kinga pia kwa shahada yenyewe.

7.0 Hitimisho

Kakamega inayo kumbukumbu ya mali kuchimbwa na kuondoka. Dhahabu ilipogunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1930, sheria ya ardhi iliyokuwa imetungwa 1930 kuwalinda wenyeji ilirekebishwa 1932 ili uchimbaji uendelee. Mgodi wa Rosterman ulifungwa 1952, na jina la kampuni limebaki kuwa jina la mahali hadi leo. Majina ya walioshuka mashimoni hayakuandikwa juu ya kibao chochote cha barabarani. Mwanafunzi anayerudi kutoka vijijini na ngano zilizokwisha kupoteza wenyewe anachimba kwa desturi ile ile, hata kama jembe lake ni kalamu.

Makala haya hayapendekezi mambo makubwa. Kwanza, kila kauli, ngano, wimbo au ufasiri uliotoka kwa msanii aliyeridhia utajwe ndani ya aya kwa jina lake, mahali na tarehe, pale pale kauli inapotokea, wala si mwishoni mwa aya. Pili, majina ya wasimulizi yaingizwe katika orodha ya marejeleo pamoja na waandishi wa vitabu, kwa mpangilio mmoja wa alfabeti, badala ya kutengwa katika kiambatisho. Tatu, fomu ya ridhaa iulize suala la jina. Nne, kinasa sauti na unukuzi vihifadhiwe idarani, na nakala moja irudishwe kwa mwenyewe. Tano, mtahini akatae kuipasisha tasnifu ya fasihi simulizi ambayo wasanii wake ni nambari, isipokuwa sababu imetolewa.

Hakuna hata pendekezo moja kati ya hayo linalohitaji fedha za kamati wala idhini ya seneti. Linaloanza nalo linahitaji wino wa mstari mmoja. Msimamizi atakayeipokea rasimu ijayo, akaikuta "mhojiwa wa 3" katika aya ya kwanza ya sura ya nne, na airudishe kwa mwenyewe ikiwa na swali moja tu pambizoni: anaitwa nani?